Shavu Moja

Vichwa vinne vya plastiki dukani
bei yake kuku mzima,
na kuku angalau huacha supu.
Hesabu hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani
Jumamosi, mvua ikishuka pamoja nami
ngazi za mji wa Thiers
hadi kwenye meza za vitu vikuukuu.
Mfukoni yuro arobaini na tano.
Nilishazigawa njiani: thelathini za ukanda,
ngozi nene, yenye harufu ya heshima;
kumi na tano za wembe.
Wembe si wembe tu?

Wa kwanza kuniita ulikuwa mpya,
unang'aa kama jino la dhahabu,
ubavuni joka, yuro kumi na mbili.

"Huo," alisema Philomène Roddier
bila kuinua macho kwenye kahawa yake,
"umepewa umbo la wembe, haukupewa kazi.
Unoe mpaka Krismasi. Utakata siagi,
siagi ya kiangazi."

Akavuta uvunguni boksi la viatu.
Nyembe kumi na moja, kila mmoja na gazeti lake.
Kutu ya mgongoni ni uzee, alisema,
kutu ya kwenye makali ni msiba;
mitatu ikaenda kando.
Wenye mpini mweupe hakuufungua:
"Huo ni wa wakusanyaji. Hao hufuga ndevu."
Mwingine akaulaza juu ya kioo
cha picha ya harusi ya watu asiowajua,
akaugusa ncha. Ukayumba
kama meza ya mgahawa.
Mwingine. Ukatulia.
Akaufunga, akaufungua, akaniambia nisikilize:
usilegee, usikwame.

Ulikuwa mbaya wa sura, jamani.
Pembe ya mpini ina ufa,
jina la mfuaji limelika, zimebaki herufi tatu na nusu.
"Thelathini na nane. Humo mna kunolewa jiweni,
maana ukijaribu mwenyewe utaniletea msumeno."

Alipokuwa akinoa, mkono ukienda na kurudi
kama anayepanguza meza, alinisimulia:
baba yake alinoa miaka arobaini
akilala kifudifudi juu ya ubao,
gurudumu chini ya pua, baridi ya mto mifupani,
na mbwa juu ya miguu yake kumtia joto.
"Mbwa watatu walizeekea miguuni mwa baba.
Na kidevu chake alikinyoa mama."

Nikahesabu kwa vidole. Saba.
"Na ukanda?"

Ndipo akacheka.
Akachukua mkoba wa tarishi, kuukuu, bila kifungo,
akaukata kamba ya begani.
"Ukanda wa kwanza ni wa kuchanjwa.
Usinichanjie ngozi ya farasi. Yuro tano.
Mgongo utangulie, makali yafuate,
na ukigeuza, geuzia mgongoni,
kama mtu ageukaye kitandani
bila kumwamsha mwenzake."

Mbili zilizobaki zikanunua sabuni.

Mtoto akililia wembe, mpe, walisema.
Hawakusema kwamba atapewa na kioo,
na kwenye kioo uso wake mwenyewe
umekodoa macho, una povu, unangoja.
Nilishaumwamsha mwenzangu mara mbili pale kwenye ukanda.
Nikavuta ngozi ya shavu kuelekea sikioni,
nikaacha kupumua.
Sauti yake ni ndogo,
kama mtu anayekula mkate mkavu chumba cha pili.

Shavu moja, dakika arobaini.
Basi la saa moja halingoji la pili.

Jikoni shuleni, Ysaline, mpishi mkuu,
alinitazama kushoto, akazunguka kulia.
"Nani kakufukuza katikati?"
Kisha akafuta mkono kwenye aproni,
akapitisha mgongo wa kidole
upande uliokwisha,
akarudi kwenye vitunguu vyake bila neno.

Ukanda una majeraha mawili.
Mimi moja, chini ya sikio,
dogo, na nililigusagusa siku nzima
juu ya sahani za watoto mia mbili.